Misimu Miwili ya Kupima Maji ya Mto Mara: Makosa Niliyoyafanya na Gharama Yake

Nilifika Musoma kwa ajili ya utafiti Oktoba 2022, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye vifaa vya kuazima, shilingi milioni nne na laki mbili mkononi, na imani kwamba maji ya mto hupimwa kwa kutumbukiza kifaa na kuandika namba inayojitokeza. Kazi hiyo niliimaliza baada ya miezi kumi na minne. Zaidi ya nusu ya vipimo vya msimu wa kwanza havikuingia katika tasnifu yangu, na hakuna aliyevikataa isipokuwa mimi mwenyewe, baada ya kuelewa nilivyovipata. Ninawaandikia wale wanaojiandaa kwenda mtoni sasa, hasa wanaojilipia sehemu ya gharama kama nilivyojilipia mimi, kwa kuwa vitabu vya mbinu za utafiti nilivyosoma vilinieleza kipimo lakini havikunieleza siku yenyewe ya kazi inavyokwenda.

Mto Mara huanzia katika miinuko ya Mau nchini Kenya, ambako mito ya Nyangores na Amala hukutana na kuwa mmoja. Hupita Maasai Mara, huvuka mpaka na kuingia Serengeti, kisha huteremka ukiiacha Tarime kaskazini na wilaya za Serengeti na Butiama kusini, hadi kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo, na mwisho hupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Urefu wake ni takriban kilomita 395. Katika safari hiyo maji hayohayo hutumiwa na viboko, nyumbu, ng'ombe, mashamba, wachimbaji wa dhahabu na watu wanaoyateka kwa ndoo. Swali langu la utafiti lilikuwa jepesi kuliandika: je, ubora wa maji unabadilikaje kuanzia kituo cha kupimia mtiririko cha Mara Mine hadi Kirumi, na kwa sababu gani?

Miezi saba kabla sijafika, Machi 2022, maji ya sehemu ya chini ya mto yalikuwa yamegeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua mno kutokana na kuoza kwa mimea na kinyesi cha mifugo katika eneo la kinamasi. Wakazi wengi wa kando ya mto waliendelea kuamini kwamba kulikuwa na sumu. Habari hizo nilikuwa nimezisoma, ila sikufikiri zingenihusu. Katika kijiji cha kwanza nilichoingia, mama aliyekuwa akifua alinitazama nikijaza chupa zangu mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Mwanangu, mwaka huu wewe ni wa nne kuchota hapa. Wenzako hawajarudi." Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwahidi kwamba mimi nitarudi, na ahadi hiyo, niliyoitoa kwa aibu kuliko kwa kufikiri, ndiyo iliyoongoza kazi yangu baadaye kuliko pendekezo la utafiti lililopitishwa na chuo.

Nianze na vibali, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza siku za kwanza. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa ukaandikia wilaya, wilaya ikaandikia kata, na kata ikakukabidhi kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Mimi nilikuwa nimeandikiwa barua ya Tarime peke yake. Sikuwa nimezingatia kwamba mto ni mpaka wa wilaya: nilipovuka kwa mtumbwi kwenda kituo changu cha tatu nilikuwa nimeshaingia wilaya nyingine, na mtendaji wa kijiji cha ng'ambo alikuwa na haki kabisa ya kunirudisha. Siku nne zilikwisha nikifuatilia barua, huku gari la kukodi likihesabu malipo yake. Kabla ya kuomba barua, chukua ramani, weka alama ya kila kituo, na uandike kando yake wilaya, kata na kijiji. Ukitaka kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, anza miezi kadhaa mapema na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mimi nilichelewa, na msimu wa kwanza sikupata kituo hata kimoja cha hifadhini, jambo lililoninyima kipimo cha maji kabla hayajafika kwenye makazi ya watu. Vilevile fika katika ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kabla ya kufika mtoni. Kumbukumbu za mtiririko wanazo, na wasoma vipimo wao wanaujua mto kwa miaka mingi kuliko umri wa utafiti wako.

Kosa langu kubwa lilihusu oksijeni, na kosa lenyewe lilikuwa la saa. Tulilala mjini, tukaondoka baada ya chai, tukafika kituo cha kwanza saa nne asubuhi na kufunga kazi saa kumi alasiri. Siku zote ratiba ilikuwa hiyo. Namba zilikuwa nzuri, hata katika kingo za kinamasi ambako nilitarajia hali mbaya, nami nikaanza kuandika sura nzima ya kueleza jinsi mto ulivyokuwa umepona. Siku ya tisa tulimkuta mvuvi mmoja mtu mzima akirekebisha nyavu. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama kile kifaa na waya wake, akauliza kinapima nini. Nilimwambia kinapima hewa iliyomo ndani ya maji, ile wanayovuta samaki.

"Pumzi ya maji," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi mwanangu, pumzi ya maji inapimwa kabla ya jua. Saa hizi mto umeshaamka. Njoo alfajiri uone samaki wanavyopanda juu kuhema."

Jambo alilolisema lilikuwa katika masomo yangu ya mwaka wa kwanza, na nilikuwa nimelifanyia mtihani. Mchana mwani na mimea ya majini hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku utengenezaji huo husimama, ilhali mimea yenyewe, samaki, na vijidudu vinavyoozesha mabaki huendelea kuitumia, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa hupatikana muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Mtu anayepima saa nane mchana peke yake anaupima mto katika saa yake bora, kisha anauandikia cheti cha afya. Tulirudi alfajiri iliyofuata tukiongozana na mzee huyo, na mahali palepale nilipokuwa nimeandika maji mazuri, kifaa kilisoma chini ya miligramu 2 kwa lita, kiwango ambacho samaki wengi hawawezi kukivumilia kwa muda mrefu. Nilirudi katika nyumba ya wageni nikalia. Sikulia kwa sababu ya mto. Nililia kwa sababu nilijua kwamba siku tisa za kazi na fedha za siku hizo zilikuwa zimenipa nusu ya ukweli, ile nusu inayopendeza.

Mzee alinionyesha jambo la pili bila kulitaja kuwa ni la kisayansi. Alisema nyavu zake za kinamasini hupata zaidi kambale na kamongo, na kwamba ningu huwapata maji yanapokuwa mapya. Kamongo huvuta hewa kwa mapafu na kambale ana kiungo kinachomwezesha kuitumia hewa ya juu ya maji, lakini ningu hutegemea oksijeni iliyomo majini. Orodha ya samaki wa mvuvi ni kipimo cha oksijeni kinachokusanywa kila siku ya mwaka, na mimi nilikuwa nimepita kando yake kwa wiki nzima nikitafuta betri.

Ilinipasa pia kujifunza kuhusu viboko. Watafiti waliofanya kazi upande wa Kenya walikadiria mwaka 2015 kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa sehemu ile huingiza mtoni takriban kilo 36,200 za kinyesi kila siku. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018 walieleza yanayofuata: mabwawa ya viboko huishiwa oksijeni chini kabisa, halafu mto unapojaa ghafla maji yale husukumwa kwenda chini yakiwa na vitu vinavyooza, na oksijeni hushuka kwa umbali mrefu. Kwa miaka mitatu waliona mafuriko 49 yaliyoshusha oksijeni, 13 kati yake yakifikia kiwango cha kuhatarisha uhai, na katika miaka mitano samaki walikufa kwa wingi mara 9. Niliposoma hesabu hizo nilitazama daftari langu na kuona kwamba siku zote mbili za mvua kubwa nilikuwa nimeandika, "Barabara inateleza, hatukutoka." Siku ambazo mto ulikuwa na la kusema, mimi nilikuwa nimekaa mjini. Hata hivyo sikuona ni sahihi kuyachukua majibu ya upande wa Kenya na kuyabandika kwenye kinamasi chetu, ambako kuna mifugo mingi na mafunjo mengi, na ambako maji ya chini ya mafunjo huwa meusi na yenye oksijeni kidogo hata pasipo mtu kuyagusa. Rangi nyeusi peke yake haithibitishi sumu, wala haithibitishi kwamba sumu haipo.

Ushauri wa kupima alfajiri una hatari yake, na nisingependa mtu aumie kwa kunisikiliza. Alfajiri ndiyo saa ambayo viboko hurudi majini baada ya kula nyasi usiku kucha, na mtu anayesimama kati ya kiboko na maji amesimama mahali pabaya kuliko pote. Mamba nao wapo. Msimu wa pili, mwaka 2023, niliazima vifaa viwili vinavyorekodi vyenyewe kila baada ya dakika kumi na tano, nikavifunga kwa mnyororo kwenye miti mchana kweupe, na kuvirudia baada ya wiki mbili. Kimoja kilipotea katika mafuriko ya Aprili na nilikilipa kwa awamu. Cha pili kilinipa usiku na mchana bila kukatika, pamoja na mafuriko mawili. Jumuiya ya Watumia Maji ya pale ilikilinda kwa sababu safari hii nilikuwa nimeieleza kifaa ni cha nini. Zingatia pia kusawazisha kifaa, yaani kukirekebisha kwa kiwango kinachojulikana, palepale mahali pa kazi. Mimi nilikisawazisha Dar es Salaam, usawa wa bahari, ambako maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita. Kwenye usawa wa Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya bahari, maji ya joto hilohilo hubeba kama 7.2 tu.

Kosa la pili lilihusu asidi. Maji yatakayopimwa metali huongezwa asidi ya naitriki ili metali zisigande kwenye kuta za chupa, na hilo nililifanya kwa uangalifu mkubwa: chupa baada ya chupa, glavu mkononi, matone yakihesabiwa. Nilipanga kuyachuja maabara Mwanza, kwa kuwa kuchuja kando ya mto ni kazi ya kuchosha na maji ya Mara yana tope linaloziba chujio haraka. Fundi sanifu wa maabara alipopokea deli langu la barafu aliuliza swali moja tu: "Dada, ulichuja kwanza au uliweka asidi kwanza?" Nilipomjibu, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwa upole. Asidi ikikutana na tope huzing'oa metali zilizoshikamana na chembe za udongo na kuzitia katika maji. Ukichuja baada ya hapo, unachopima si kile kilichokuwa kimeyeyuka mtoni, na si jumla iliyopimwa kwa utaratibu wake pia. Ni namba isiyo na jina. Sampuli thelathini na sita zilikwisha kwa swali hilo moja. Utaratibu ulio salama ni kujaza chupa mbili kila kituo: ya kwanza ichujwe palepale kwa chujio la mikromita 0.45 na ndipo iongezwe asidi, ya pili iongezwe asidi bila kuchujwa, na kila moja iandikwe ilivyotendewa. Chukua na chupa ya tatu yenye maji safi ya maabara, uifungue na kuifunga mtoni kama zile nyingine. Chupa hiyo ndiyo iliyoniumbua msimu wa pili: ilikutwa na fosfeti, ingawa maji yake hayakuwahi kugusa mto. Nilikuwa nimeosha chupa zangu kwa sabuni ya unga.

Kuhusu arseniki, elementi yenye sumu, nilikaribia kufanya kosa zito zaidi, kwa kuwa lingewagusa watu wengine. Vituo vyangu viwili vya sehemu ya chini ya mto vilionyesha kiwango kilichozidi kile cha vituo vya juu ya mto. Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 za arseniki kwa lita, na kituo kimoja kilikuwa kimeukaribia ukomo huo. Nilishaandika aya inayoelekeza kidole kwenye uchimbaji. Msimamizi wangu, badala ya kuifuta, alinitaka nirudi na mwanajiolojia. Rafiki yangu wa chuo alikubali kuja kwa nauli na chakula, akatembea siku tatu kando ya vijito akigonga mawe kwa nyundo. Alinionyesha kwamba eneo lile liko katika ukanda wa miamba ya kale sana yenye dhahabu, na kwamba madini yenye arseniki mara nyingi huandamana na dhahabu ndani ya jiwe lenyewe. Kijito kinachopita juu ya miamba hiyo kinaweza kuwa na arseniki kabla ya binadamu kuchimba shimo la kwanza, na uchimbaji unaweza kuizidisha kwa kulivunja jiwe na kuliacha wazi kwa hewa na mvua. Mambo hayo mawili hayatenganishwi na vituo viwili. Yanahitaji vijito vya miamba hiyohiyo visivyochimbwa, yanahitaji tope la chini ya mto, na yanahitaji misimu. Niliifuta ile aya mwenyewe. Niliandika ninachoweza kukisimamia: kwamba kiwango kinaongezeka, kwamba sehemu kubwa imo katika tope na si katika maji yaliyochujwa, na kwamba chanzo hakijatenganishwa. Ilinisikitisha, kwa sababu nilijua watu walikuwa wakisubiri jibu lenye jina ndani yake. Lakini mtafiti akikosea hapo, upande mmoja utamtumia kuwatia watu hofu na upande mwingine utatumia kosa lake kuyakanusha hata yale aliyoyapima sawasawa.

Kuna mambo madogo ambayo nitayataja kwa haraka. Wadudu wa majini, wale mabuu wa kerengende na jamaa zao wanaotupa picha ya afya ya mto kwa muda mrefu, huhifadhiwa katika ethanoli, na ethanoli hufuta wino. Andika lebo kwa penseli na uitumbukize ndani ya chupa. Vaa buti ndefu kwa ajili ya kichocho, na hata ukivaa, kapime baada ya miezi miwili hivi. Mimi nilikutwa nacho nikatibiwa. Lipa maabara kabla ya kulipa gari. Gari lilikula zaidi ya nusu ya bajeti yangu msimu wa kwanza, nikajikuta na chupa zilizojaa na fedha pungufu ya kuzipima, na ikabidi nimwombe kaka yangu laki sita. Msimu wa pili nilipanga chumba kijijini na kutumia bodaboda na mtumbwi, nikatumia robo ya fedha zile za usafiri, na jambo la thamani zaidi ni kwamba nilikuwapo pale usiku.

Nilirudi na majibu Novemba 2023. Mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano chini ya mwembe, nikabandika karatasi kubwa tatu nilizochora kwa mkono: mto mchana, mto alfajiri, mto siku ya mvua. Yule mzee mvuvi alikuwa amekaa mbele, nami nikaeleza hadharani kwamba karatasi ya pili ni yake. Yule mama aliyekuwa akifua naye alikuja. Alisikiliza hadi mwisho, akainua mkono, akauliza kama maji ya kisima cha nyuma ya nyumba yake, kile wanachokunywa wajukuu kiangazi mto unapokuwa mchafu, yana hiyo arseniki au hayana.

Katika miezi kumi na minne sikuwa nimepima kisima hata kimoja. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, na watu wakanyamaza. Kisha mwenyekiti akauliza ni visima vingapi vinavyotumika, wakaanza kuhesabu kwa majina ya wenye nyumba, wakafika kumi na viwili. Niliviandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa penseli, nikaweka alama ya kijiji, kata na wilaya kando ya kila kimoja, na wiki iliyofuata nikarudi nikiwa na chupa tatu kwa kila kisima, zilizooshwa bila sabuni, pamoja na chujio.